Kivu Kaskazini: Kwa gorila yatima, chakula peke yake hakitoshi

Huko Rumangabo, karibu kilometa 50 kaskazini mwa mji wa Goma, kuna kituo cha Senkwekwe, mahali pekee duniani panapotunzwa gorila wa milimani walio yatima. Mbuga ya Virunga ilikifungua, ikakipa jina la dume aliyeuawa pamoja na jamaa zake Julai 2007.

Mwaka huo huo wa 2007, walinzi wa mbuga walimkuta Ndakasi, mtoto wa miezi miwili, angali ameshikilia maiti ya mama yake. Alipofikishwa Goma, mlezi André Bauma alimlaza kifuani usiku kucha ili apate joto. Ndakasi aliishi hadi Septemba 2021, akafariki mikononi mwa Bauma akiwa na miaka 14.

Maziwa na dawa huokoa maisha, lakini mnyama aliyefungiwa anahitaji pia kazi ya kufanya. Porini, gorila hutumia saa nyingi akitafuta majani na machipukizi ya mianzi, na jioni hutengeneza kiota cha kulalia. Ndani ya uzio analetewa chakula, anakimaliza upesi, kisha anakaa bure. Hapo ndipo matatizo huanza: wengine hujing'oa manyoya, wengine hutapika chakula na kukila tena.

Njia za kuzuia hayo si za gharama kubwa. Chakula hutawanywa kwenye nyasi au hufichwa ndani ya gogo lenye matundu, ili mnyama atumie akili na vidole vyake. Huwekewa kamba na miti ya kupanda, na majani mapya ya kutengenezea kiota. Vitu hivyo hubadilishwa mara kwa mara, kwa sababu mchezo wa kila siku humchosha naye kama unavyomchosha mtoto. Juu ya yote, gorila anahitaji wenzake.

Kituo cha GRACE kilichoko Kasugho, eneo la Lubero, kilikwenda mbali zaidi. Gorila wa Grauer yatima wanaotunzwa hapo wana msitu wenye uzio, ambamo wanajitafutia chakula na kuishi kama familia. Oktoba 2024, majike wanne kutoka Kasugho walirudishwa porini kwenye mlima Tshiaberimu, ndani ya Virunga, ambako gorila walikuwa wamebaki wachache sana. Wangekuwa wamezoea kupewa kila kitu mkononi, safari hiyo isingewezekana.

Somo hilo linawahusu pia wanaofuga kasuku au nyani nyumbani. Kasuku anayejinyonyoa manyoya katika tundu dogo hana wazimu: amechoka kukaa peke yake bila la kufanya. Na kwa gorila au sokwe mtu, sheria ya Kongo iko wazi: ni marufuku kumkamata, kumuuza wala kumfuga. Ukimwona mikononi mwa mtu, waarifu ICCN.