Mchezaji wa Akiba Aliyegeuka Mwalimu

Vijana wetu wanaocheza mpira wa vikapu wana ugonjwa mmoja: kila mmoja ataka kuanza mchezo. Akiwekwa akiba mara mbili, hununa. Mara ya tatu haonekani tena kiwanjani. Kwa ajili yao, leo nasimulia habari za Swen Nater.

Nater ni Mholanzi, mzaliwa wa mji wa Den Helder, mwaka 1950. Mama yake na baba wa kambo walipohamia Marekani hawakuwa na nauli ya kutosha watu wote, basi Swen na nduguye wakaachwa katika nyumba ya mayatima. Waliungana na mama yao baadaye kwa msaada wa kipindi cha televisheni, Swen akiwa na umri wa miaka tisa.

Alikua akawa pandikizi la mtu, futi 6 na inchi 11. Kutoka chuo kidogo cha Cypress alichukuliwa na UCLA, chuo kikuu kilichofundishwa na John Wooden. Lakini nafasi ya katikati ilikuwa na mwenyewe, Bill Walton. Kwa misimu miwili kazi ya Nater ilikuwa kupambana na Walton mazoezini kila siku. UCLA ikatwaa ubingwa mwaka 1972 na 1973 bila kushindwa hata mara moja.

Je, alipoteza wakati wake? Sivyo! Mwaka 1973 klabu za kulipwa zilimchagua katika duru ya kwanza, ingawa hakuwahi kuanza mchezo hata mmoja UCLA. Msimu wa 1974-75 aliongoza ligi ya ABA kwa kudaka mipira iliyokosa kikapu. Msimu wa 1979-80, akiwa San Diego, akaongoza NBA kwa wastani wa mipira 15 kila mchezo. Hakuna mwingine aliyeongoza ligi zote mbili kwa kazi hiyo.

Alipoacha kucheza alikuwa mwalimu wa timu ya chuo cha Christian Heritage, California. Kisha mwaka 2006, pamoja na mtaalamu wa elimu Ronald Gallimore, akatoa kitabu kuhusu ufundishaji wa Wooden. Fundisho lake kuu ni kwamba mwalimu hajafundisha mpaka mwanafunzi awe ameelewa.

Mimi naona ni haki kitabu hicho kuandikwa na Nater. Nyota husikia makofi ya watazamaji. Wa akiba humsikia mwalimu. Yeye huona kosa likitendeka, huona likisahihishwa, na huwa na wasaa wa kutafakari.

Kwa hiyo, nyinyi walimu wa michezo, msiwasahau wale wanaokaa benchi. Na wewe kijana uliyewekwa akiba, usivue viatu. Mvumilivu hula mbivu, lakini mvumilivu huyo awe anajifunza, si kungoja tu.