Mgonjwa wa sukari na saumu: kwa nini daktari na muuguzi nao wafundishwe

 

Kila Ramadhani inapokaribia, suala hili hutufikia kutoka Unguja na Pemba: "Sheikh, nina sukari. Daktari kanikataza kufunga, lakini moyo haukubali. Nifanyeje?"

Hukumu iko wazi. Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Na asiyetarajiwa kupona atatoa fidia, kumlisha maskini kwa kila siku. Mwaka 2009, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Sharjah liliwagawa wagonjwa wa sukari mafungu manne kwa kadiri ya hatari. Mafungu mawili ya mwanzo, ambao saumu inawadhuru kwa yakini au kwa dhana yenye nguvu, hawafai kufunga. Waliobaki wana nafasi ya kufunga, chini ya uangalizi.

Basi nani atamwambia mgonjwa yumo fungu gani? Si sheikh, ni tabibu. Fatwa yenyewe inasimama juu ya kauli yake, na kwa hivyo namna anavyozungumza na mgonjwa si jambo dogo.

Sukari si maradhi ya dozi ya wiki moja. Mgonjwa huonana na daktari dakika chache, kisha siku zote zilizobaki yeye ndiye anayeamua ale nini na ameze dawa saa ngapi. Akikemewa tu "usifunge!", huitikia, akirudi nyumbani akafunga kwa siri. Sukari ikimshuka alasiri, hata mkewe hajui kilichomfika.

Ndiyo maana wataalamu wa afya wanahitaji kufundishwa kumsaidia mgonjwa ayasimamie maradhi yake mwenyewe. Mafunzo hayo yana mambo manne makubwa:

1. Kuuliza kabla ya kuamrisha. "Mzee, mwaka jana ulifunga? Ilikuwaje? Daku ulikula nini?" Anayeulizwa kwa adabu husema kweli.

2. Kupanga mapema. Miongozo ya kimataifa ya sukari na Ramadhani inataka mgonjwa aonwe wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuingia, ili dawa na saa zake zirekebishwe. Sindano ya insulini na baadhi ya vidonge huweza kushusha sukari sana, na mgonjwa asijibadilishie dozi mwenyewe.

3. Kuhakikisha amefahamu. "Bibi, ukifika nyumbani utamwelezaje mjukuu wako dawa hizi?" Akikosea, muuguzi aeleze upya, asimtahayarishe.

4. Kumfundisha mpaka wa hatari. Sukari ikiwa chini ya 3.9 (yaani 70 kwa vipimo vyengine) au ikizidi 16.6 (yaani 300), afungue hapo hapo, hata ikiwa Magharibi imekaribia. Akihisi kutetemeka, jasho la baridi au kuchanganyikiwa, apime. Asipokuwa na kipimo, afungue.

Wengi huogopa kupima wakidhani saumu itabatilika. Baraza hilo hilo, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilibainisha kuwa kutolewa damu ya kupimwa hakufunguzi, wala sindano ya dawa isiyokuwa ya lishe.

Faida ya mafunzo imeonekana. London, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kuwa Waislamu wenye sukari waliofundishwa kabla ya Ramadhani walipungukiwa na matukio ya kushuka sukari, na kwa wasiofundishwa matukio hayo yaliongezeka.

Nanyi watu wa nyumbani mna sehemu yenu. Mfuateni mgonjwa kliniki, mjue dawa zake. Futari isiwe kaimati na tambi za sukari peke yake. Na aliyekula kwa udhuru msimnong'one. Ameichukua ruhusa ya Mola wake.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu na awape hekima wanaowatibu. Wallahu aalam.