Subira Mbele ya Wanaotukera: Darsa ya Ramadhani, Al Khuwair



Ndugu zetu Waislamu, tumezoea kuitaja subira katika msiba: kifo, maradhi, kufilisika. Usiku huu tunaizungumza subira nyengine, ndogo kwa sura lakini pengine ngumu zaidi, kwa kuwa haina matanga wala wa kutupa pole. Ni subira juu ya mtu anayetukera. Ni yule aliyeziba magari ya wenzake hapa nje kisha akaingia kusali tarawehe yote na witri yake; ni yule ambaye simu yake hulia kila tunaposujudu; ni jirani wa ghorofa ya juu asiyetulia mpaka daku.

Katika Suratul Furqan, aya ya 20, Mola wetu anatufahamisha kwamba ametufanya kuwa mtihani sisi kwa sisi, na anatuuliza kama tutasubiri. Tuizingatie vyema. Aya hiyo inakwenda pande mbili: kama fulani ni mtihani wetu, basi nasi ni mtihani wa mtu mwengine, ambaye huenda usiku huu amekaa safu ya nyuma akituvumilia kimya kimya.

Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kuwa alikuwa akitembea na Mtume (S.A.W.) aliyevaa shuka ya Najran yenye pindo nene. Akaja bedui, akaivuta kwa nguvu hata alama ikabaki begani, na akadai apewe katika mali ya Mwenyezi Mungu. Mtume akamgeukia, akacheka, akaamrisha apewe. Bedui yule hakujua adabu za mji, lakini shida yake ilikuwa ya kweli; na Mtume aliiona shida kabla ya kuuona ufidhuli. Sisi mara nyingi huuona ufidhuli tu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ametaja katika Ihya njia nne za mtu kuzijua aibu zake, na mojawapo ni ndimi za wasiompenda. Rafiki hutusitiri; asiyetupenda hututajia.

Hapa tuseme jambo linalotuhusu wenyewe. Wengi wa wazee wetu waliorejea kutoka Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki baada ya mwaka 1970 walifika Oman na Kiswahili fasaha na Kiarabu cha kubabaisha. Wakachekwa maofisini na madukani. Iliwauma, na hatusemi waliowacheka walifanya vyema. Lakini waliokubali kusahihishwa, hata na mdogo kwa umri na kwa dhihaka, walijifunza upesi kuliko walionyamaza kwa kulinda heshima. Sasa wapo miongoni mwa watoto na wajukuu zao wanaomkatiza kwa ukali mfanyakazi wa Kibangladeshi kwa Kiarabu chake kilichovunjika. Kicheko kimehamia kinywa chengine.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Kero si dhulma. Aliyezuiliwa mshahara wake asiambiwe asubiri kwa ajili ya Ramadhani. Huyo asaidiwe kuidai haki yake.

Kwa aliyefunga, Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa akitukanwa aseme kwamba yeye amefunga. Wanavyuoni wamejadili: aseme kwa ulimi, au moyoni? Waliosema kwa ulimi wamekusudia mgomvi asikie akome. Waliosema moyoni wamekusudia mfungaji ajizuie mwenyewe. Imam Nawawi ameona kuyakusanya yote mawili ni bora. Sisi tunaona saa ya kulijaribu hili ni ile baada ya Alasiri, barabara zimejaa, midomo imekauka, na mtu ametuingilia mbele kwa gari bila ya ishara. Aseme moyoni kwanza, kabla mkono haujafika kwenye honi.