Wadudu kwenye mboga za roshani: Chunguza jani kabla ya kununua dawa

Katika nyumba za gorofa za Nairobi, Mombasa na Kisumu, si ajabu kuona sukuma wiki, dania au mnyanya umestawi katika ndoo kuukuu, debe la mafuta au gunia lililojazwa udongo. Kule Kibera na Mathare, kilimo cha magunia kilienea sana kuanzia mwaka wa 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa 2007. Faida yake ni wazi: mboga mbichi, hatua chache tu kutoka kwenye sufuria.

Lakini mimea hiyo huvamiwa na wadudu, na hapo ndipo afya ya familia huweza kuingia hatarini. Si kwa sababu ya wadudu wenyewe. Kidukari akipikwa pamoja na mboga kwa bahati mbaya hamdhuru mlaji. Hatari iko katika dawa ambayo mwenye mboga hukimbilia kununua kabla ya kujua anapambana na mdudu gani.

Sukuma wiki ya nyumbani huchumwa kidogo kidogo, majani machache leo na mengine baada ya siku mbili tatu. Dawa nyingi zina muda wa kungoja kati ya kunyunyizia na kuvuna, nao huandikwa kwenye lebo. Huenda ukawa siku 3, 7 au hata 14. Ni mama gani atakayeitazama mboga kwa wiki mbili bila kuigusa, na hali jikoni hakuna kitu? Isitoshe, roshani hiyo hiyo ndiyo huanikwa nguo na ndiko watoto huchezea.

Mtambue adui

Geuza jani uangalie upande wa chini, kwani wengi hujificha huko. Ukiona vidude vya kijivu vimerundikana kama vilivyopakwa unga, hasa kwenye majani machanga ya sukuma wiki, hao ni vidukari. Hufyonza utomvu hadi majani yakajikunja. Jike huzaa bila dume, na watoto wake nao huwa tayari kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ndiyo maana mmea uliokuwa na wachache Jumapili hii huonekana umejaa Jumapili inayofuata. Hutoa pia majimaji matamu yanayonata, ambayo huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, wanafuata utamu huo, na huwafukuza maadui wa vidukari ili wasiukose.

Ukitikisa mnyanya na wadudu weupe wadogo wakapuruka, hao ni nzi weupe. Vinzi vyeusi vinavyoinuka kutoka kwenye udongo ni dalili kwamba unamwagilia maji kupita kiasi. Acha udongo wa juu ukauke kidogo, navyo vitapungua.

Majani yenye vidoa vingi vya manjano, pamoja na utando mwembamba sana, yana utitiri mwekundu. Huyu kwa hakika si mdudu, kwani ana miguu minane kama buibui. Dawa nyingi za wadudu hazimwui. Badala yake huua wale wanaomla, naye akazidi kuongezeka. Hupenda joto, ukavu na vumbi, na kwa hiyo mimea iliyo kando ya ukuta, mahali ambapo mvua haifiki, ndiyo humpendeza.

Kiwavi mwembamba wa kijani, ambaye ukimgusa hujirusha na kuning'inia kwa uzi, ni mtoto wa nondo anayewasumbua wakulima wa kabeji duniani kote. Amezizoea dawa nyingi kiasi kwamba kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, hapa Nairobi, kilileta nyigu mdogo kutoka Taiwan wa kumwangamiza. Nyigu huyo aliachiliwa katika milima ya Taita mwaka wa 2002. Mwenye debe tatu za sukuma wiki hahitaji kwenda mbali hivyo. Amwokote kwa mkono.

Maji, sabuni na vidole

Mmea wa debeni una jambo zuri: unaweza kubebwa. Utenge na mingine mara uonapo wadudu, uupeleke bafuni au kwenye mfereji, kisha uoshe chini ya majani kwa maji yenye nguvu. Wengi wa vidukari wakianguka hawarudi. Rudia kila baada ya siku mbili tatu.

Wakizidi, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji. Jaribu kwenye jani moja na ungoje siku moja. Likiwa salama, nyunyizia jioni mpaka wadudu walowe, kwani sabuni huua wale tu inaowagusa. Suuza mmea asubuhi, na uyaoshe majani vizuri kabla ya kupika. Sabuni ya unga yenye kemikali za kung'arisha nguo isitumiwe, wala maji ya tumbaku, ambayo wengine huyasifu. Nikotini ni sumu kali.

Ukiona wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, waache. Hao hula vidukari.

Sumu ndani ya chupa ya soda

Ikibidi kununua dawa, nunua iliyo katika chombo chake cha asili, yenye lebo inayosomeka na nambari ya usajili ya PCPB, ambayo ndiyo bodi inayosajili dawa hizo nchini. Lebo iseme kwamba inafaa kwa mboga hiyo. Ile inayopimwa kwa kijiko na kutiwa katika chupa ya soda haifai hata ikiwa bei ni shilingi chache. Hujui ni nini, na mtoto mwenye kiu hatauliza.

Mtu aliyeinywa au kuivuta huweza kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kushindwa kupumua na mboni za macho yake kuwa ndogo mno. Usimlazimishe kutapika wala kumpa maziwa. Mvue nguo zilizolowa dawa, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni huku umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na umkimbize hospitalini pamoja na chombo cha dawa hiyo ili daktari aione.