Kulinganisha Kadi za Michoro za Kompyuta, Kuukuu na Mpya

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Neno hilo lafaa kukumbukwa kila kadi mpya ya michoro inapotokea sokoni, kwa maana huja na hesabu za kuonyesha kwamba iliyotangulia imekwisha kupitwa. Hesabu hizo kwa kawaida si za uongo. Tatizo ni kwamba neno lile lile hutumiwa kwa kadi ya zamani na kwa kadi mpya, hali maana yake imebadilika katikati. Basi, kabla ya kulinganisha vyombo hivi, hapana budi kuyachungua kwanza maneno yanayovipimia.

Kadi ya michoro ni chombo kinachokokotoa rangi ya kila nukta ya skrini. Skrini yenye nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta zipatazo milioni 2. Ile yenye nukta 3,840 kwa 2,160 ina zaidi ya milioni 8. Mchezo wa kompyuta ukitaka picha 60 kwa sekunde, kila picha hupewa muda usiofika milisekunde 17. Kazi kubwa namna hiyo haiwezekani kufanywa nukta baada ya nukta. Kwa hiyo kadi huigawanya kwa maelfu ya vitengo vidogo vinavyokokotoa kwa pamoja. Vitengo hivyo huitwa viini, na idadi yake ndiyo hutajwa kwanza katika matangazo.

Mfano mzuri ni kadi tatu za kampuni ya NVIDIA ya Marekani, ambazo bei zake zilipotangazwa zilianzia dola 699. Ya kwanza, GTX 1080 Ti ya mwaka 2017, ina viini 3,584 na kumbukumbu ya gigabaiti 11. Ya pili, RTX 2080 ya mwaka 2018, ina viini 2,944 na gigabaiti 8. Ya tatu, RTX 3080 ya mwaka 2020, ilitoka na viini 8,704 na gigabaiti 10. Mtu akisoma tarakimu hizi tu, atadhani kwamba katika mwaka 2018 ufundi ulirudi nyuma, kisha katika mwaka 2020 ukaruka karibu mara tatu. Yote mawili si kweli. RTX 2080 iliipita GTX 1080 Ti kidogo katika michezo mingi, ingawa viini vyake ni vichache. Na RTX 3080, japokuwa ina nguvu nyingi, haikufikia katika michezo kwa jumla mara mbili ya RTX 2080.

Sababu yake imo katika neno lenyewe. Katika kadi ya 2017, kiini kimoja kilikokotoa hesabu za desimali na hesabu za namba kamili pia, lakini si zote kwa wakati mmoja. Katika kadi ya 2018, kando ya kila kiini kilichohesabiwa kiliwekwa mwenzake wa kushughulikia namba kamili peke yake. Huyo hakutiwa katika hesabu. Katika kadi ya 2020, mwenzake huyo aliongezewa uwezo wa kukokotoa desimali, naye akaanza kuhesabiwa. Hivyo idadi ilipanda upesi kuliko kazi, kwa kuwa kila zinapokuja hesabu za namba kamili, nusu ya viini hivyo huenda ikaziacha desimali na kuzishughulikia hizo. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kile kinachohesabiwa.

Mtu aweza kusema kwamba dawa ni kuviacha viini na kuhesabu picha kwa sekunde, maana jicho halidanganywi. Kipimo hicho kilikuwa cha kutegemewa kwa muda mrefu, lakini nacho kimeguswa. Mwezi Januari 2025 mkuu wa NVIDIA, Jensen Huang, alitangaza kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa RTX 4090, kadi iliyotolewa mwaka 2022 kwa dola 1,599. RTX 5070 ina viini 6,144, na RTX 4090 ina viini 16,384. Usawa huo ulitegemea ufundi ambao, baada ya kila picha iliyochorwa kutokana na mchezo wenyewe, huweza kuingiza picha hata tatu zilizobuniwa kwa kukisia. RTX 4090 huweza kuingiza moja tu. Picha za kubuni hulainisha mwendo machoni, lakini hazipokei amri ya mkono wa mchezaji. Mkono husubiri picha ya kweli. Ufundi huo una faida yake, ila si haki kuziweka picha za aina mbili katika safu moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kadi kuukuu hudhulumiwa siku zote. Mchezo wa Indiana Jones and the Great Circle, uliotolewa Desemba 2024, wataka kadi yenye vitengo maalumu vya kufuatia miale ya mwanga. RTX 2080 inavyo. GTX 1080 Ti haina, na nguvu zake zote hazitoshi kuufungua mchezo huo. Hapo tofauti si ya kasi tena, bali ya kuweza na kutoweza.

Kwa hiyo mlinganisho wa haki hushika masharti machache: mchezo ule ule, idadi ile ile ya nukta, kompyuta ile ile, na picha za kubuni zikitajwa mbali. Prosesa kuu ikiwa dhaifu, kadi mpya hukaa ikiisubiri, na mnunuzi haoni faida ya fedha yake. Umeme pia uhesabiwe, kwani GTX 1080 Ti hutumia wati 250 na RTX 3080 wati 320.

Ama kwa mfasiri na mtunga kamusi, funzo ni kwamba haitoshi kupata neno la Kiswahili la kiini au la picha. Fasili yapasa kutaja ni kitu gani kinachohesabiwa, na tangu mwaka gani. Asiyefanya hivyo atampa msomaji mizani ambayo jiwe lake limebadilishwa.