Anwani tatu za barua pepe, dirisha moja

Wengi wetu hapa mashariki mwa Kongo tuna anwani ya kazi, ya chuo, na ile ya zamani yenye habari zote za familia. Kuzifungua moja moja kila asubuhi kunakula mega. Thunderbird, programu ya bure iliyotoka rasmi mwaka 2004, inaziweka zote kwenye kompyuta, kila akaunti na sanduku lake.

Faida inaonekana zaidi mtandao ukikatika: barua zilizokwisha kushushwa zinasomeka bado. Lakini unapoongeza akaunti, chagua IMAP, maana barua hubaki pia kwenye seva. POP inaweza kuzihamishia zote kwenye mashine. Mashine ikiibiwa, zimekwenda nayo.

Hatari nyingine ni ya aibu. Ukijibu barua, programu kwa kawaida huchagua anwani ile iliyoandikiwa. Ukianza barua mpya, huchukua akaunti uliyokuwa umeifungua. Hivyo ombi lako la kazi kwingine linaweza kuondoka na anwani ya mwajiri wako wa sasa! Kabla ya kutuma, tazama mstari wa juu kabisa, ule wa mtumaji.