Vitamini D si peremende

Siku hizi katika maduka ya dawa mijini, vidonge vya vitamini D vinauzwa kama peremende. Mtu anaumwa mgongo, jirani anamshauri, na jioni chupa iko mezani. Sina ugomvi na vitamini hiyo. Ndiyo inayouwezesha mwili kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula. Mtoto akiikosa, mifupa hulainika, miguu ikaota matege. Ugomvi wangu ni kipimo.

Soma chupa yako. Utaona namba na herufi IU, yaani vizio vya kimataifa. Chupa nyingine huandikwa maikrogramu, na maikrogramu 1 ni sawa na IU 40. Kwa hiyo ile ya maikrogramu 25 na ile ya IU 1,000 ni nguvu moja! Wataalamu wa Marekani, katika ripoti yao ya mwaka 2010, walisema mtu mzima anahitaji IU 600 kwa siku, na aliyepita miaka 70 IU 800. Kikomo walikiweka IU 4,000 kwa siku, chakula na vidonge kwa jumla.

Sasa, kipo kidonge cha IU 50,000. Hicho daktari humpa mwenye upungufu, mara nyingi kimoja kwa wiki, kwa wiki chache tu. Anayekimeza kila siku anapita kikomo zaidi ya mara 12. Vitamini C ikizidi, nyingi hutoka na mkojo. Hii ya D huyeyuka katika mafuta ya mwili, ikajilimbikiza humo miezi na miezi. Kalsiamu hupanda katika damu. Huja kichefuchefu, kiu isiyokatika, kukojoa kila mara (mtu akadhani ni kisukari), choo kigumu, hata kuchanganyikiwa. Figo huweza kuota mawe, na mwisho zikashindwa kazi.

Wenye watoto wachanga wasikilize zaidi. Mtoto wa chini ya mwaka anahitaji IU 400 tu. Kuna dawa ya maji ambayo tone moja linatosha, na nyingine ni mililita nzima. Anayekisia kwa kijiko cha chai anacheza na figo za mwanawe. Uingereza, miaka ya 1950, maziwa na vyakula vya watoto vilitiwa vitamini D kupita kiasi, na watoto wakaugua. Ilibidi viwango vipunguzwe.

Jua halina hatari hiyo, kwani ngozi hujizuia yenyewe. Dagaa na mayai nayo yanasaidia. Lakini anayeshinda ofisini, anayejifunika mwili mzima au mzee asiyetoka nje anaweza kupungukiwa kweli. Huyo apime damu kwanza. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia digoksini au dawa za presha za kukojoza, asianze bila kumwuliza daktari.

Na kama umekuwa ukimeza vingi na dalili nilizotaja unazo, acha leo. Nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi, uombe kupimwa kalsiamu na figo.